Yesu wa Feri amekosa nini?

Jumapili iliyopita, kabla ya baraka ya mwisho, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kigango chetu alitangaza kwa furaha kwamba ukuta wa nyuma ya altare utapambwa kwa bango kubwa la plastiki, linalochapishwa Dar es Salaam, lenye Yesu mwenye nywele za dhahabu akitabasamu juu ya ziwa lisilo na wimbi hata moja. Waamini walipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilikuwa nafahamu kwamba wiki hiyo hiyo kamati hiyo hiyo ilikuwa imeikataa picha aliyoichora mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Mtwara, muuza samaki, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba haina heshima.

Picha hiyo nimeitazama kwa karibu. Imechorwa juu ya hadibodi kwa rangi ya mafuta iliyosalia baada ya milango ya duka la mwanawe kupakwa, na ndiyo maana bahari yake ina kijani kile kile cha milango hiyo. Ni habari ya sura ya 21 ya Injili ya Yohane: wanafunzi wamekesha baharini bila kupata kitu, na kunapopambazuka wanamkuta Bwana ufukweni amekwisha kuwasha makaa, juu yake pana samaki, na mkate. Katika picha ya mama huyu Yesu amechuchumaa, amekunja mikono ya shati, anapepea moto kwa kifuniko cha ndoo, na nyuma yake wanawake wenye mabeseni wanasubiri mtumbwi ufike. Makaa hakuyachora kwa brashi. Aliigandamiza rangi nyekundu kwa ncha ya kidole juu ya nyeusi iliyokuwa haijakauka, na ukisogea unaziona alama za kidole chake ndani ya moto. Mjumbe mmoja wa kamati aliuliza kwa nini samaki hawafiki 153, idadi anayoitaja Yohane. Natumaini mjumbe huyo atapanda ngazi na kuwahesabu wa kwenye bango pia.

Nilipomuuliza mama kwa nini aliweka Feri, pale wanapoteremsha samaki hapa Mtwara, mahali pa Galilaya, alinijibu bila kuacha kuparua samaki wake: "Mimi Galilaya sijafika, mwanangu. Feri nafika kila alfajiri."

Jibu hilo lina teolojia kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Kila Krismasi tunasoma kwamba Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, na kila Krismasi tunafanya kana kwamba alikaa kwao, mbali, mahali pasafi pasipo moshi wala harufu ya samaki. Kama kweli tunaamini kwamba Mungu alikubali kulelewa katika nyumba ya seremala, katika Nazareti, mji ambao Nathanaeli aliudharau waziwazi, basi kumchora akipepea makaa pale wanapoteremsha samaki si kumshusha, kwa kuwa alikwisha kushuka mwenyewe. Mama huyu aliniambia pia kwamba akishika rozari usiku usingizi humchukua, lakini akishika brashi hukesha. Mtu anayeutafuta uso wa Kristo kwa rangi za mlango mpaka taa inaishiwa mafuta anasali, hata kama matokeo yake hayauziki.

Wanaodai kwamba bango lina sura halisi ya Yesu wanapaswa kukumbushwa kwamba ile sura ya kwenye kalenda, ambayo wengi wetu tulikua tukiiona sebuleni tukaidhani ni picha yake ya pasipoti, ilichorwa mwaka 1940 na Warner Sallman, mchoraji wa matangazo ya biashara wa Chicago. Sina ugomvi naye. Alimchora Yesu ambaye watu wa mtaani kwake wangemtambua, na haki hiyo hiyo ndiyo ninayomdaia mama wa Feri. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora maisha ya Kristo katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, akampa Bwana ngozi nyeusi na kumweka katikati ya mashamba na watu wa hapo, na Kanisa halikuanguka. Hapa hapa kwetu, anayeingia Kanisa la Mtakatifu Paulo pale Majengo anazikuta kuta zimejaa habari za Biblia kwa rangi kali, kazi ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani. Wageni huja kuzipiga picha, nasi tunapita tukiwahi viti vya mbele.

Wanaonitajia Kutoka 20:4, katazo la kuchonga sanamu, waendelee kusoma hadi sura ya 31, wamkute Bezaleli, fundi aliyejazwa roho ya Mungu ili afanye kazi za sanaa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba katika picha ya mama mkono wa Petro ni mrefu kiasi cha kumwezesha kuvuta wavu bila kutoka kitandani. Nakubali pia kwamba hadibodi isiyopakwa rangi ya msingi itavimba kwa unyevu wa bahari, ilhali plastiki hufutwa kwa kitambaa cha maji. Lakini Edward Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani zetu, hakusomea uchoraji popote. Alianza na mbao za dari na rangi za baiskeli, naye leo tunajivunia jina lake mbele ya watalii. Inaonekana tunawaheshimu wachoraji wasiosoma pale tu ambapo Mzungu amekwisha kuwanunua.

Bango limelipiwa, na sitarajii kamati irudishe fedha. Hata hivyo vituo vyetu vya Njia ya Msalaba ni karatasi zilizopauka kwa jua, na Kwaresima haiko mbali. Kamati inunue hadibodi 14 na kopo moja la rangi ya msingi, izigawe kwa waamini 14, wakiwemo wavuvi, wakulima wa korosho na vijana wa bodaboda, kila mmoja apewe kituo chake na muda wa kutosha. Kituo kitakachotoka kibaya sana nipewe mimi, nina ukuta mtupu sebuleni. Na kile cha Veronika, aliyempangusa Yesu uso, wasithubutu kumpa mtu mwingine kabla hawajaenda Feri kumwomba radhi mama.