Kifusi cha Coucy: kosa la nani limehifadhiwa pale?

Coucy-le-Château ni kijiji cha watu wapatao elfu moja, kaskazini mwa Ufaransa, juu ya kilima katika eneo la Aisne. Ndani ya boma lake la kale kuna lundo kubwa la mawe. Hapo ndipo uliposimama mnara uliokuwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika Ulaya ya Zama za Kati: karibu mita 55 kwenda juu, upana wa mita 31, na ukuta wake chini ulikuwa na unene wa mita 7 hivi.

Machi 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma kwenda kwenye mstari wao mpya wa ulinzi, ule wa Hindenburg, Jenerali Erich Ludendorff aliamuru ulipuliwe. Tani 28 za vilipuzi zilitumika. Ufaransa ilighadhabika, na Aprili mwaka huohuo magofu yakatangazwa kuwa ukumbusho wa ushenzi. Baada ya vita, fedha za fidia ziliimarisha kuta zilizobaki, ila kifusi cha mnara kikaachwa kama kilivyoanguka.

Je, kulikuwa na haja ya kijeshi? Hoja ya wanaomtetea Ludendorff si ya kupuuzwa. Mstari mpya ulipita jirani, na mnara juu ya kilima ungewapa Wafaransa jicho la kuyaona mahandaki ya adui. Mkataba wa Hague wa 1907 wenyewe uliruhusu kubomoa pale vita vinapolazimisha kabisa. Lakini mwaka 1917 ndege na maputo vilikuwa vikipiga picha za uwanja wa vita kila siku, na kilima chenyewe hakikulipuliwa. Kilibaki palepale kwa yeyote mwenye darubini. Rupprecht, mwana wa mfalme wa Bavaria na kamanda wa majeshi ya Kijerumani ya eneo hilo, alitaka ngome isiguswe. Tukikumbuka kwamba katika kurudi nyuma kulekule miti ya matunda ilikatwa, visima vikaharibiwa na vijiji vikachomwa, mimi naona mnara huu uliangushwa kwa sababu iliyokaribiana na ile ya miti hiyo kukatwa: yule ajaye asikute kitu.

Hapo niko upande wa Wafaransa bila kusita. Ninapotofautiana nao ni kwenye lile neno la Aprili 1917, kwa sababu linaihesabu historia ya Coucy kuanzia siku ya mlipuko.

Mnara ule haukujengwa na mtu mpole. Enguerrand wa Tatu, mwinyi wa Coucy, aliujenga katika karne ya 13 ili jirani, mkulima na hata mfalme wajue nani mwenye kilima. Mwanawe, Enguerrand wa Nne, aliwakamata vijana watatu wa kiungwana kutoka Flanders, waliokuwa wakikaa kwenye abasia jirani, wakiwa na pinde na mishale katika msitu wake. Akawanyonga bila kesi. Watoto wa watu, kwa kosa la kuwinda sungura! Mfalme Louis wa Tisa alimtia ndani na kukataa ombi lake la kuamua shauri kwa mapigano, lakini wakuu wenzake walimzunguka mfalme kwa maombi, na mwishowe mwinyi yule akatozwa faini nzito na kurudi kwake. Na karne nne baadaye, mwaka 1652, wakati wa uasi wa wakuu dhidi ya serikali, ni Kardinali Mazarin, waziri mkuu wa mfalme wa Ufaransa, aliyeamuru ngome ivunjwe. Dari za mnara ziliporomoka, kuta zikasimama. Tetemeko la 1692 likazipasua. Kwa hiyo dola ya Ufaransa ilikuwa ya kwanza kuitia baruti Coucy.

Wapo wanaosema mnara ungefaa kujengwa upya. Michoro ipo, kwani msanifu majengo Viollet-le-Duc aliupima na kuutengeneza katika karne ya 19, na kijiji kingepata wageni zaidi. Naielewa hoja hiyo, hasa ikitoka kwa mtu anayeishi pale na kuona vijana wakihamia mijini. Hata hivyo nyumba za watu, zilizobomoka katika vita hiyohiyo, ndizo zilizostahili kujengwa kwanza, na zilijengwa. Mnara mpya ungekuwa picha nzuri ya mwinyi, bila ufa wa 1692 wala alama ya 1917.

Kifusi na kibaki. Ila kama ningepewa kibao cha kuandika pale, Ludendorff angekuwa mstari wa tatu. Wa kwanza ungekuwa wa wale vijana watatu wenye pinde, wa pili wa Mazarin.