Msiniulize Urefu wa Ukuta

Wiki jana nilipigia simu kituo kimoja cha kuokoa wanyama hapa Nairobi kuulizia mbwa. Swali la kwanza: "Una kampaundi?" yaani ua uliozungushiwa ukuta. Nikasema naishi flati, orofa ya kwanza. "Pole sana mama, watu wa flati hatuwapei mbwa." Sikupata hata nafasi ya kueleza nani hushinda nyumbani kwetu, wala kwamba mwenye ploti ameshakubali kwa maandishi. Simu ikakatwa. Kituo chenyewe sikitaji, maana si hicho peke yake kinachofuata sheria hiyo, na aliyenijibu alisikika amechoka, nyuma yake mbwa wakibweka bila kukoma. Hasira yangu haimhusu yeye. Swali lenyewe ndilo limeniudhi, na nimelibeba moyoni wiki nzima.

Sisi tuko watatu nyumbani: mimi, mamangu, na mpwa wangu aliye gredi ya sita. Mama amefuga mbwa tangu utotoni, na alipohamia kwangu baada ya magoti kumsumbua, alichokikosa zaidi ya shamba na zaidi ya majirani ni mbwa. Mimi hufanya kazi ya uhasibu nikiwa hapa hapa mezani. Nyumba yetu haibaki tupu. Tunachotafuta ni mbwa jike aliyekomaa, aliyefungwa kizazi, mtulivu, asiyerukia watu kwa sababu mama anatembea na mkongojo, na asiyeogopa ngazi. Rangi yoyote, masikio yoyote. Hatutafuti German Shepherd na hatutafuti wa kulinda. Mlinzi tunaye getini na tunamlipa.

Mbwa wa namna hiyo si adimu katika mji huu. Nenda kituo chochote utawakuta, wale mbwa koko wetu wa kahawia, wenye mkia uliopinda na macho yanayokufuata, wamekaa miezi, wengine miaka. Wanaokuja wanataka vitoto, au wanataka mbwa wa kizungu wa kuvutia macho ya wageni, na mbwa mzima mwenye kovu anarukwa kila Jumamosi. Basi mbwa yupo na nyumba ipo. Kilicho katikati yao ni ukuta ambao sina.

Nyuma ya ploti yetu kuna jumba ambalo ukuta wake umepandwa vipande vya chupa na juu yake nyaya za umeme. Mbwa wawili wanaishi humo. Kutoka dirisha la jikoni naona kibanda chao: mabati juu, wavu mbele, sakafu ya saruji, sufuria ya alumini iliyobonyea. Wanafungiwa alfajiri na kufunguliwa watu wakienda kulala. Mmoja anazunguka. Anaanzia kona ya kushoto, anapita karibu na wavu, anarudi ukutani, na kila akifika kona ile ile anageuza kichwa upande ule ule. Saruji imefanya alama ya njia yake. Mama hawezi tena kuosha vyombo akiangalia nje, hufunga pazia.

Nyumba hiyo ina ukuta, ina geti, ina nyasi. Mtu wake akijaza fomu ya kuomba mbwa wa tatu, atapita. Mimi sipiti.

Wanasema mbwa anahitaji nafasi. Nakubali anahitaji kukimbia na kunusa dunia. Lakini nani amewahi kuona mbwa mzima akijifanyisha mazoezi mwenyewe ndani ya ua? Analala kivulini, anaamka mtu akipita getini, anabweka, anarudi kulala. Mbwa aliyekomaa hulala nusu ya siku au zaidi hata ukimpa ekari tano. Kinachomtembeza ni mtu aliyevaa viatu na kushika kamba asubuhi kabla ya jua kupanda, na jioni tena. Sisi tuna barabara tulivu ya mtaa, tuna uwanja wa shule unaofunguliwa Jumapili, na tuna mtoto wa miaka kumi na mmoja anayeomba kazi hiyo kila siku.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko nafasi, nalo ni jicho. Homa ya kupe ni ugonjwa wa kawaida hapa kwetu, na huanza polepole. Mbwa anaacha chakula, analegea, fizi zinapauka, pengine mkojo unageuka rangi ya chai nzito. Akiwahiwa, daktari wa mifugo anaweza kumwokoa. Akichelewa, anakufa. Sasa niambieni, katika nyumba ambapo mbwa anatupiwa ugali wa unga wa mbwa na omena saa nne usiku na kijana wa kazi aliyechoka, nani atajua leo hakula kwa hamu? Nani atamfunua mdomo aangalie fizi? Kwetu mama angejua kabla ya chai ya saa kumi. Amelea mbwa miaka sitini bila kitabu, na akiona mbwa ameinamisha masikio anakuambia anaumwa wapi. Jicho hilo ndilo vituo vyetu vinalikataa kwa sababu liko orofa ya kwanza.

Kazi ya kuwaokoa wanyama mjini hapa ni ya zamani. KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama nchini Kenya, kinahesabu mwanzo wake mwaka 1910, na nasema wazi kwamba si wao niliowapigia. Kwa kazi waliyofanya zaidi ya karne moja nawavulia kofia. Lakini fikirieni Nairobi ya 1910 ilikuwaje na nani aliyeruhusiwa kumiliki bustani yenye ua wa michongoma. Picha ile ya nyumba inayomfaa mbwa, yaani bangalo, nyasi na uzio, haijatutoka kichwani hata leo. Sensa ya 2019 ilitukuta jijini tukiwa karibu watu milioni 4.4, na wengi wetu ni wapangaji tuliopandana orofa juu ya orofa kutoka Pipeline hadi Kahawa West. Ukiamua kwamba nyumba njema ni yenye kampaundi, umebakiwa na Karen, Runda, Kitisuru na vitongoji vichache vya Kiambu, na wengi wa kule tayari wana mbwa, au wako tayari kununua wa ukoo. Kisha mnalia kwamba vibanda vimejaa na hakuna anayekuja. Tunakuja. Mnatukatia simu.

Najua sheria hiyo ilitoka wapi, na lazima niseme haikutoka hewani. Kuna watu wa flati waliochukua mbwa wakamfungia kwenye balkoni. Kuna waliomfunga kwa nyororo juu ya paa, kati ya kamba za kuanikia nguo, jua la saa saba likimpiga. Kuna waliomrudisha siku mwenye ploti alipogundua, na mbwa aliyerudishwa hurudi akiwa ameharibika zaidi. Kuna pia wanaotaka jike kwa ajili ya kumzalisha na kuuza vitoto kando ya barabara, ndani ya katoni, bila chanjo. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63, na anaweza kuanza kushika mimba akiwa na miezi sita hivi, kwa hiyo anayetaka kumgeuza mashine ana muda mwingi wa kumtesa. Ndiyo maana naunga mkono kwa mikono yote miwili mbwa kufungwa kizazi kabla hajatoka kituoni. Waje waone nyumba. Waje bila kutangaza. Waulize majirani zangu. Lakini uovu huo wote hufanyika nyuma ya kuta pia, na pale ni vigumu zaidi kuuona, kwa maana ukuta huficha. Kwenye ploti yetu nikimpiga mbwa, familia nane zitasikia.

Barua ya mwenye ploti niliipata baada ya kuketi naye. Mzee alitaka mambo matatu, nayo ni chanjo, usafi wa ngazi na utulivu usiku, akatia sahihi. Msimamizi wa ploti ndiye aliyekuwa mgumu. "Huyo mbwa akiuma mtoto wa hapa, ni mimi nitaulizwa," aliniambia, na sikumwona mkorofi. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mtu ni nadra mno apone. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kukitokomeza kwa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa katika eneo, mwaka baada ya mwaka. Nilimwambia hivi: mbwa anayezurura karibu na pipa la taka nje ya geti letu, ambaye watoto wanampita kila asubuhi, hana cheti. Wangu atakuwa nacho, nitakubandikia nakala ofisini kwako. Akakubali shingo upande.

Jirani wetu wa mkabala ni Mwislamu, ametoka Kwale. Nilimwendea kabla ya mwingine yeyote, kwa sababu mate ya mbwa kwake ni jambo la twahara na sala, na sikutaka aamke siku moja akutane nalo mlangoni. Tuliongea vizuri. Mbwa atapita na kamba fupi, upande wa pili wa varanda, na hatasogea kwenye mkeka wake. Yeye mwenyewe aliniambia babu yake alikuwa na mbwa wa kulinda shamba dhidi ya nguruwe mwitu, na hakuna aliyemlaumu. Watu wa flati tumezoea kupatana. Tunagawana maji ya tangi, tutashindwa vipi kupatana juu ya mbwa mmoja?

Kikwazo cha pili ni kujua ni mbwa yupi. Nilifika kituo kingine ambacho hakiwakatai wapangaji moja kwa moja. Kila mbwa niliyemuulizia, kijana wa pale alinijibu "huyu ni mpole". Ameishi na wazee? Hajui. Anaweza ngazi? Hajui. Amewahi kuwa ndani ya nyumba? Hajui. Kijana yule hakunificha kitu, wafanyakazi ni wachache na mbwa ni wengi. Kulikuwa na jike mmoja mwenye sikio lililokatwa ncha, amesimama nyuma kabisa, mkia umebanwa tumboni, akilamba midomo ingawa hakuna chakula. Mtu asiyejua angemwita mtulivu. Mimi niliona hofu. Niliketi chini, nikampa ubavu, sikumtazama usoni. Alikuja kwa hatua fupi fupi, akanusa kiatu kupitia wavu, akavuta pumzi ndefu kwenye kisigino, kisha mkokoteni wa chakula ukaingia na kibanda kizima kikalipuka kwa kelele. Akarudi kona. Muda wa wageni ukaisha.

Kutokana na robo saa hiyo nilitakiwa niseme ndiyo au hapana kwa miaka kumi ijayo ya maisha yake.

Waokoaji wenyewe hutuambia mbwa huhitaji siku tatu kupumua, wiki tatu kuzoea, miezi mitatu kuonyesha tabia yake halisi. Kama mnalijua hilo, basi tupeni wiki tatu. Mbwa abaki wenu kisheria, nyumba iwe yangu, chakula changu, daktari tukubaliane. Akimwogopa mama, akishindwa na ngazi, anarudi kwenu, na safari hii mtakuwa na la kumwambia anayefuata: huyu analala vizuri usiku, huyu anaogopa ufagio, huyu anapenda watoto wakubwa. Kila mbwa aliyelelewa kwa muda nyumbani angerudi na maelezo yake. Badala yake tunatumiwa picha mitandaoni zenye maneno ya kutisha, mchukueni leo la sivyo. Huruma inayokimbizwa namna hiyo ndiyo inayoleta mbwa wanaorudishwa.

Gharama sitazizungumza sana. Daktari ni ghali, kila mtu anajua, na anayeanza hesabu ya mbwa bila hesabu ya daktari asianze.

Nilipiga simu kuuliza habari za yule wa sikio lililokatwa. Ameshachukuliwa, kwenda Ruiru, kwa mtu mwenye robo ekari. Natamani kwa dhati awe amepata watu wanaoketi naye chini.

Fomu zenu zibadilisheni. Ulizeni mbwa atakuwa peke yake saa ngapi kwa siku. Ulizeni atalala wapi, na nani atamtembeza mvua ikinyesha. Ulizeni mwombaji akisafiri atamwachia nani, na daktari wake ni yupi. Ombeni barua ya mwenye nyumba kwa mpangaji, na kwa mwenye kampaundi ombeni kuona kibanda, ndani, mchana, mbwa wengine wakiwemo. Urefu wa ukuta ulizeni mwisho, kwa mbwa ambaye kweli anaruka kuta.

Na kama kuna kituo kinachosoma haya chenye jike mzima, mtulivu, ambaye hakuna aliyemtaka, barua yangu iko tayari. Njooni mwone nyumba siku yoyote, mkaongee na mama. Ana maswali mengi kuliko yenu.