Mahindi yaliyoua hayakuwa ya GMO

Mjadala wa GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni, ukianza hapa Kenya, hakosi mtu wa kuileta ile picha ya panya waliolishwa mahindi ya GMO wakaota uvimbe. Ilitoka kwenye utafiti wa Mfaransa Gilles-Éric Séralini, Septemba 2012, na Novemba serikali ikapiga marufuku kuingiza vyakula vya GMO. Mwaka uliofuata, jarida lililouchapisha likauondoa: panya walikuwa wachache, tena wa aina inayoota uvimbe upesi hata bila mahindi hayo. Marufuku yetu haikupata habari. Ilikaa hadi Oktoba 2022, ukame ulipotubana na baraza la mawaziri likaifuta, kisha zikaanza kesi.

Hoja nyingine ya wanaoipinga GMO, kwamba mkulima atalazimika kununua mbegu kila msimu, ina uzito zaidi, ingawa wakulima wa Kitale wamezoea kununua mbegu chotara tangu miaka ya 1960.

Mimi mahindi ya GMO siyaogopi. Nayaogopa ya kawaida, yaliyolala ghalani. Mwaka 2004, Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa aflatoksini, ambayo Watanzania huiita sumukuvu, jina linalojieleza. Wengi walikula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka. Sumu hiyo haina harufu, na ugali hata uive vipi haitoki. Kwetu tulianika kwenye turubai kando ya barabara. Wingu likitanda, watoto wote mbio. Kipimo cha unyevu kilikuwa jino la mama: anang'ata punje, ikilia ka! basi imekauka. Kifaa chenyewe cha kupimia nimekuja kukiona ukubwani.

Mahindi ya Bt, ambayo ni aina ya GMO, yamewekewa jeni ya bakteria wa udongoni, nayo humuua kiwavi anayetoboa bua. Vizuri sana. Kiwavi akitoboa gunzi huwafungulia kuvu mlango, kwa hiyo hata hapo kuna nafuu. Lakini jeni hiyo haikaushi mahindi. Haimpi mkulima wa Trans Nzoia bei ya maana wakati wa mavuno, wala haibebi gunia lake hadi Turkana kwenye njaa. Ndiyo maana nikisikia mwanasiasa akisema GMO itamaliza njaa, huwa nabadilisha stesheni.

Suala hili likirudi bungeni, mheshimiwa wetu asinieleze ya panya. Aniambie mashine ya kukaushia mahindi iliyo karibu iko wapi, na gunia la kilo 90 hukaushwa kwa shilingi ngapi.