Leza nyeupe: kabla ya kuuliza wati, uliza miliwati kwa nanomita

Leza nyeupe, au superkontinuamu kama wenye fani wanavyoiita, ni leza inayotoa rangi nyingi kwa pamoja. Karatasi yake ya sifa huanza na wati, yaani nguvu ya mwanga wake wote. Wati 4, wati 8, wati 20, kwa herufi nene. Namba hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba karibu haimsaidii mnunuzi kitu.

Chukua ya wati 8, inayotoa mwanga kuanzia nanomita 400 hadi 2,400 (nanomita hupima urefu wa wimbi, yaani rangi ya mwanga). Miliwati 8,000 zinagawanywa kwa nanomita 2,000, wastani miliwati 4 kwa kila nanomita. Na mgawo wenyewe una upendeleo. Kwenye nanomita 1,064 kuna mwiba mrefu, mabaki ya mwanga wa leza ya kuchochea, ile inayouanzisha mwanga huu, ambayo hayakugeuzwa rangi. Sehemu kubwa ya nguvu iko kwenye infraredi, jicho haliioni. Buluu huambulia makombo, mara nyingi chini ya miliwati 1 kwa nanomita. Kwa hiyo mtu wa hadubini anayeweka kichujio cha upana wa nanomita 10 kwenye 488 atapata miliwati chache tu, na lenzi bado hazijachukua fungu lao. Kama hiyo ndiyo rangi pekee anayoitaka, anunue diodi ya leza ya nanomita 488, fedha nyingine zibaki mfukoni.

Upendeleo huo unaanzia ndani ya faiba, uzi mwembamba wa kupitishia mwanga. Leza ya kuchochea, ya iterbiamu, hutuma mapigo ya pikosekunde chache kwenye faiba ya kioo ambayo kiini chake, chenye upana wa mikromita 5 hivi, kimezungukwa na matundu ya hewa. Katika kioo cha silika kitupu, rangi zinazopakana huenda kwa mwendo mmoja karibu na nanomita 1,270. Matundu yanapasogeza mahali hapo hadi jirani ya 1,064, palepale leza inapopiga. Pigo linakaa limebanana kwa muda wa kutosha, kisha linapasuka vipande, na vipande vinazaa rangi mpya pande zote mbili. Wanafizikia Alfano na Shapiro walikwishapata mwanga mpana wa namna hii ndani ya kioo kinene mwaka 1970. Mwaka 2000 Ranka na wenzake wa maabara ya Bell Labs, Marekani, wakaupata kwenye faiba ya matundu ya sentimita 75, kwa mapigo yasiyofika nanojouli 1.

Kupasuka huko huchochewa na kelele, yaani mabadiliko madogo ya nasibu katika mwanga, ndiyo maana hakuna mapigo mawili yanayofanana. Kwa kazi nyingi hilo halisumbui, wastani unalificha. Kwa wanaopiga picha za tabaka za jicho linasumbua sana. Kamera inayokusanya mwanga kwa mikrosekunde 50 hupokea mapigo 4,000 kama leza ni ya megahezi 80, yaani mapigo milioni 80 kwa sekunde. Ya megahezi 320 inaipa 16,000, na kelele inashuka hadi nusu. Lakini usikimbilie megahezi nyingi kila mahali. Anayepima muda wa kuzimika kwa mwanga wa fluoresini, rangi inayong'aa ikimulikwa, nanosekunde 4 hivi, akitumia megahezi 80 atapigwa na pigo jipya kila baada ya nanosekunde 12.5, wakati asilimia 4 ya mwanga wa zamani bado iko. Huyo ashuke hadi megahezi 20.

Mezani, kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupunguza nguvu ya leza ili kupanga vioo "kwa usalama". Ukipunguza nguvu ya kuchochea, wigo wenyewe, yaani upana wa rangi zinazotoka, unasinyaa, na rangi zinazoonekana ndizo zinazoondoka kwanza. Unabaki na boriti isiyoonekana yenye mamia ya miliwati za infraredi, nawe unaidhania imezimika. Iache leza kwenye nguvu yake ya kazi, upunguze nje: kabari ya kioo kisichopakwa dawa hurudisha asilimia 4 hivi kwa uso mmoja. Wati 8 zinakuwa miliwati 320, na kabari ya pili inazishusha hadi 13. Zinazopenya ziingie kwenye kizibo cha kunyonya mwanga. Miwani ya kinga peke yake haitoshi, kwani inayozuia kuanzia 400 hadi 2,400 yote itakufanya kipofu wa muda. Funika njia ya boriti.

Ondoa infraredi mapema kwa kioo kinachoipitisha na kuakisi rangi zinazoonekana, ndipo uweke vichujio. Kichujio cha kioo cha rangi kikitangulia, kinanyonya joto na kupasuka. Kunyoosha boriti tumia kioo cha parabola, si lenzi: lenzi iliyosawazishwa kwa nanomita 600 haitakuwa imesawazika kwa 1,000. Na kama unachagua rangi kwa greting, yaani bamba la mistari myembamba linalotenganisha rangi, kumbuka kwamba ukiiweka kwenye 1,000, hata 500 inapita. Weka kichujio cha kuizuia.

Je, inafaa kununuliwa? Inafaa pale unapohitaji rangi nyingi pamoja na nukta ndogo, kwa mfano kupima unene wa tabaka kwenye eneo la mikromita chache za chipu, au kuingiza mwanga kwenye faiba nyembamba. Taa ya halojeni haiwezi kubanwa hivyo hata iwe ya wati 1,000. Ila kuangaza matunda yanayopita kwenye mkanda wa kiwandani, halojeni ya wati 100 inatosha kabisa. Na chini ya nanomita 400, taa ya plazma ya zenoni (gesi iliyopashwa hadi ikang'aa) inayowashwa kwa leza inaishinda leza nyeupe.

Jambo la mwisho la kumbana nalo muuzaji ni buluu. Faiba huchakaa kwa mwanga wake yenyewe, na upande wa buluu ndio hufifia kwanza. Dai dhamana ya saa za matumizi kwa nanomita 400 hadi 500 peke yake, si ya wati za jumla, ambazo zinaweza kubaki palepale wakati buluu imeshakwenda. Siku ya kwanza pima spektra nzima, yaani nguvu ya kila rangi, na kuihifadhi, maana siku ya kudai dhamana ndiyo utakayoulizwa.