Boti Yangu Iko Uyole, na Gharika Siijui Tarehe Yake

Huyu ni wa saba leo, na chai sijanywa. Kasimamisha bodaboda getini, kachungulia, kacheka peke yake, halafu: "Mzee, gharika lini?" Kila mmoja anadhani utani huo kaubuni yeye. Wa sita alikuwa muuza mkaa, akaongeza kwamba yeye na mkewe washike nafasi mapema. Nuhu mwenyewe sidhani kama alisumbuliwa hivi.

Ndiyo, nina boti. Ndiyo, naishi Uyole, Mbeya. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na Ziwa Nyasa liko kule bondeni, uteremke Tukuyu na mvua yake, uikanyage Kyela, ndipo uone maji. Huku juu ni zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Usawa wa bahari! Mnaona, hata jiografia inanisimanga.

Kwanza sikuinunua. Mimi nina yadi ya kulaza malori, ya Tunduma na ya Zambia. Miaka mitatu iliyopita liliingia lori usiku, mzigo umefunikwa turubai. Mwenye mzigo, kijana mtanashati, akasema anaupeleka Matema, kule ziwani, akafungue biashara ya watalii, ila giaboksi imekufa, auache siku mbili. Siku mbili. Lori lilitengenezwa likaondoka, mzigo ukabaki, na kijana akabadilisha namba ya simu. Deni la kulaza likapanda mpaka tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mali ni yangu. Mke wangu, Mama Lusajo, alikuwa na uhakika chini ya turubai kuna mashine ya kukoboa mpunga. Siku tulipofunua, alinyamaza hadi magharibi.

Na mimi nilinyamaza, ila kwa sababu nyingine.

Futi 23. Omo yake, yaani pua ya mbele, ndefu, imechongoka kama jembe la plau ambalo halijawahi kugusa udongo. Nikainama nikachungulia chini, nikaona tumbo lina umbo la V toka mbele mpaka nyuma, halilegei popote. Hapo ndipo nilipopotea, nakiri. Maana boti nyingi za zamani zilikuwa na V mbele tu, nyuma tambarare kama sinia. Likija wimbi, pa! pa! mpaka meno yanahama. Mmarekani mmoja, Ray Hunt, akasema V iendelee mpaka tezi, yaani nyuma kabisa, kwa mwinuko wa nyuzi kama 24, ili boti ilipasue wimbi badala ya kulipiga kofi. Mwaka 1960 Dick Bertram akaingia na boti ya mbao ya namna hiyo, Moppie, kwenye mashindano ya Miami hadi Nassau. Bahari ilikuwa imechafuka vibaya, na yeye akawa wa kwanza. Umbo lile likafanywa kalibu, zikaanza kutoka za faiba, na boti za kasi za bahari kuu zilizofuata zimekopa kwake. Yangu ni ya ukoo huo, mjukuu wa mjukuu.

Nilimweleza mjumbe yote haya, kwa mkono na kwa mchoro ardhini. Akasikiliza vizuri, mzee wa watu, akatikisa kichwa. "Sawa, Baba Lusajo. Inabeba abiria wangapi?"

Basi nikaanza kuikarabati. Fundi bodi niliyempata amezoea Hiace. Akaizunguka mara moja, akasema, "Bosi, hapa tunapiga puti, tunapiga msasa, rangi mbili, umemaliza." Puti! Kwenye kitu kinachokwenda kupigwa na maji! Nikachukua mpini wa nyundo nikagonga ubavuni: ngo, ngo, safi. Nikagonga ukuta wa nyuma, pale mguu wa propela unaposhikwa: bu, bu, bu, kama papai bovu. Faiba ya nje nzima, ila katikati yake kuna plaiwudi, na maji huingia kwa tundu moja la skrubu lisilozibwa, yakala mbao miaka na miaka huku nje panang'aa. Ikabidi tukate ngozi ya ndani. Mbao ilitoka kwa kijiko. Kijiko, jamani, cha wali!

Nikampigia fundi mmoja wa majahazi kule pwani, niliyepewa namba yake na dereva. Huyo kwanza alicheka salio likakaribia kuisha. Halafu akanifundisha maneno: omo, tezi, mkuku, ngama. Nikamwambia ule msemo wa "enda tezi na omo, marejeo ni ngamani" tuliukariri shuleni hapa Mbeya bila kujua ngama ni mdudu gani. Akasema ni pale chini kabisa maji machafu yanapojikusanya, hebu tia mkono. Nikatia mkono. Kulikuwa na kuku wa jirani, analalia mayai kumi na moja, na alinidonoa. Jirani akadai nisiguse ngama mpaka vifaranga watoke. Ukarabati ukasimama wiki mbili kwa ajili ya uzazi wa kuku.

Tulipoanza tena ikawa Juni. Mnaoijua Juni ya Uyole hamhitaji maelezo. Rezini ya faiba inataka joto ili igande. Kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 15 inaanza kuzira, na huku usiku zinafika sita, tano. Tukaongeza hadena kidogo, wapi. Siku ya tatu bado inanata kama asali. Fundi akapendekeza tuweke jiko la mkaa chini ya turubai. Nikamuuliza kama mvuke wa rezini anaujua unavyopenda moto, au anataka twende ziwani kwa njia ya angani. Tukaamua kuifunika mablanketi. Mablanketi ya nani? Usiulize. Rezini iliganda vizuri sana, na blanketi moja likaganda nayo, lile la maua alilopewa Mama Lusajo na dada yake. Mpaka leo ukiingia ndani ya boti, ukutani kuna waridi moja jekundu ambalo msasa umelishindwa.

Hilo alinisamehe. La kwaya hakunisamehe. Vumbi la faiba ukilisaga kwa grenda ni upupu mtupu, tena upupu wenye elimu, unajua pa kujificha. Ovaroli langu likafuliwa beseni moja na joho lake. Jumapili, katikati ya wimbo wa pili, sauti ya kwanza ikaanza kujikuna. Akajizuia, akashindwa, akaruka. Waumini wakadhani ni upako, wakapiga vigelegele, mpiga kinanda akaongeza mwendo. Alirudi nyumbani kwa miguu, hakunisemesha, akaninyooshea tu kidole kuelekea kwenye boti. Nililala humo siku nne. Siku ya pili niligundua vitanda vyake vimetengenezwa kwa watu wafupi.

Injini nayo ni V8 ya petroli. Ukiikanyaga inakunywa zaidi ya lita 60 kwa saa, kwa hiyo nimeiwasha mara mbili tu, kwa maji ya mpira, nikiwa nimefumba macho. Ikakohoa moshi mweusi mtaa mzima. Fundi akasema pistoni. Si pistoni! Hewa ya huku ni nyembamba, kabureta inamwaga mafuta yale yale kwa oksijeni pungufu. Ukiirekebisha iimbe vizuri Uyole, ukifika Kyela, kwenye kama mita 500, inakuwa na njaa ya mafuta. Yaani siwezi kuijua injini yangu mpaka niishushe mlima, na siwezi kuishusha mpaka nijue inafanya kazi.

Rafiki yangu wa kahawa anasema niiuze chuma chakavu. Faiba, chuma chakavu! Nikamkumbusha Agosti 1914, hapo hapo Nyasa. Meli ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kule Liuli, inatengenezwa, nahodha wake hajui hata kama vita vimeanza. Mwingereza Rhoades, waliyezoea kunywa pamoja, akaja na meli yake, Guendolen, akaipiga mzinga. Mjerumani akapanda kiboti, hasira zimempanda, akamfuata kumuuliza kama amelewa. Nikamwambia rafiki yangu, chombo kikiwa nchi kavu wanaokipiga ni hawa hawa wa kunywa nao. Akanuna. Kahawa nikalipa mimi.

Juzi mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikakumbuka turubai nililiacha limefunguliwa na kizibo cha nyuma kimekazwa. Nikakimbia na kandambili mguu mmoja. Boti imejaa mpaka usawa wa waridi. Matairi niliyoiegesha yamebonyea, maana mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Nikaizunguka na tochi, nikapapasa ule ukuta mpya wa nyuma, mshono hadi mshono. Mkavu. Hata tone! Yasiyotoka hayataingia, nikapiga kelele, njooni muone!

Mama Lusajo akatoka na kanga begani, akatazama. Bomba lilikuwa limekatika tangu Jumanne. Akarudi ndani bila neno, akatoka na ndoo mbili, akachota. Kufikia saa mbili kulikuwa na foleni getini, na yule wa bodaboda, wa gharika lini, yuko wa tatu na dumu lake la njano.

"Mama, shikamoo," akasema. "Ndoo mnauza shilingi ngapi?"