Sinki iwe waya wa kwanza

Kila ninapoitwa kusaidia kufunga rauta ya video, yaani mashine inayochagua picha ya chanzo gani iende wapi, nakuta kazi imeanzia mwisho. Nyaya za kamera zimeshachomekwa, lebo zimebandikwa, picha ziko kwenye monita na watu wanapeana mikono. Ukiuliza sinki, yaani ishara inayolinganisha muda wa mitambo yote, iko wapi, unajibiwa, "Hiyo tutamalizia, kaka." Hapo ndipo tunapogombana.

Kinachowadanganya ni kwamba rauta hupitisha picha vizuri tu hata bila sinki. Balaa huja unapobadilisha chanzo mkiwa hewani. Rauta isiyo na rejea, yaani isiyopokea sinki, hukata popote, hata katikati ya picha. Iliyo nayo husubiri mistari isiyoonekana kwenye skrini, mstari wa 6 kwa picha ya mistari 625 na wa 7 kwa HD ya 1080, ndipo ibadilishe. Bila hivyo picha inaruka na sauti inagonga, na aliye nyumbani anadhani king'amuzi chake kimeharibika.

Tena sinki ya rauta peke yake haitoshi. Rauta haipangi upya muda wa picha, inachagua tu. Kwa hiyo kamera, mashine ya kuchezea vipindi na ya maandishi lazima zote zichote kisima kimoja.

Nyaya za video zenyewe sina ugomvi nazo sana, mradi kila kitu kiwe cha omu 75, kipimo cha ukinzani wa waya kwa ishara. HD inapitisha biti bilioni 1.485 kwa sekunde, na konekta ya BNC (kichwa cha waya cha kuzungusha) ya omu 50 iliyookotwa kwenye vifaa vya redio huingia bila shida, kisha ikarudisha sehemu ya ishara ilikotoka.

Kwenye mechi moja ya usiku, picha iliruka kila tulipohamia kamera ya nyuma ya goli. Tulibadilisha waya wake wa video mara tatu. Mwishowe nikapiga magoti nyuma ya raki, tochi ndogo nimeibana kwa meno, nikaanza kuifuata sinki kwa mkono. Ilikuwa inaingia tundu la kwanza la rejea la rauta, inatoka la pili, inaendelea mpaka kwenye kisanduku cha kuongozea kamera ile, na pale mwisho ilikuwa na terminata yake, kizibo cha omu 75 kinachofunga mwisho wa waya, kama inavyotakiwa. Lakini kwenye rauta mtu alikuwa ameweka kiungo cha T chenye terminata ya pili. Sinki ya volti 0.3 ikishikwa na terminata mbili hushuka hadi 0.2, na baada ya waya mrefu namna ile kamera ya mwisho ilikuwa inaishika na kuiachia.

Nikaichomoa ile ya katikati. Taa ya rejea ya kisanduku, iliyokuwa ikipepesa tangu jioni, ikatulia. Dairekta akahamia nyuma ya goli, kisha akaendelea na mechi.