Ultrasaundi ya koo: utampimaje mtu usingizi akiwa macho?

Ukimwambia mtu wa Malindi kwamba ile mashine ya ultrasaundi wanayopimiwa waja wazito inaweza kusaidia kumjua anayekatika pumzi usingizini, atacheka kwanza, halafu atakuuliza swali ambalo kusema kweli lina maana: utampimaje mtu usingizi naye yuko macho anakutazama?

Ni kweli ukilala misuli ya koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma, njia ya hewa ikaziba, na mtu akiwa macho hayo huyaoni. Tena mawimbi ya ultrasaundi hayapiti vizuri kwenye hewa, picha inakupa nyama zinazozunguka njia tu, na anayepima akikandamiza kidogo chini ya kidevu vipimo vishabadilika. Kipimo cha kuaminiwa bado ni kile cha kulala usiku mzima umebandikwa nyaya, hilo silibishi.

Lakini nani kasema ultrasaundi ije kukaa mahali pake? Wanaangalia unene wa ulimi na wa kuta za koo kwa pembeni, manake tafiti zimeona wenye tatizo hili kwa wastani wamezidi hapo, sa katika wote wanaopiga misono unajua nani umtangulize. Mgonjwa wa kisiwani Lamu anapanda boti mpaka Mokowe, kisha basi, na kwa wengi wetu Pwani kulala hospitali ukipimwa maana yake ni safari ya mbali kabisa. Nani atafunga safari hiyo kwa sababu tu mkewe kalalamika?

Na huku anaahirisha, piga hesabu. Tatizo kali huanzia pumzi kukatika au kufinyika mara 30 kwa saa, kila mara si chini ya sekunde 10. Usiku wa saa 8 ni mara 240, yaani dakika 40 za pumzi iliyokatika au iliyofinyika, na hiyo ni kima cha chini!! Dakika 40 kila usiku, halafu asubuhi huyohuyo ndio ashike usukani wa basi au aongoze chombo chenye watoto wa watu, na presha yake haishuki kwa sababu ya pumzi hizo, sisi twamwambia apunguze chumvi. Makadirio yaliyotoka 2019 kwenye jarida la Lancet la mapafu yalisema watu milioni 425 wa miaka 30 mpaka 69 duniani wana kiwango cha kati au kikali.

Kuna wasemao bora futi ya fundi cherehani, shingo ikizidi sentimita 40 utilie shaka, pamoja na yale maswali 8 ya STOP-Bang, dodoso la kumjua anayeweza kuwa na tatizo hili. Sawa, tuanze na hayo, ni bure. Ila futi inapima nje, na wapo wembamba wenye taya dogo wanaokatika pumzi vilevile. Hoja ngumu zaidi kwangu ni ya vile vifaa vidogo vya kuvaa ukalala navyo nyumbani, kwa sababu vyenyewe vinapima usingizi hasa, na kama kaunti ina pesa inunue, sina ugomvi. Kama haina, mashine ya picha ishanunuliwa, inayotakikana ni mafunzo na nafasi kwenye foleni ya kina mama, ambayo nayo si fupi.

Sharti langu ni kwamba picha safi isigeuzwe cheti. Dereva anayesinzia kwenye usukani, hata ulimi wake uonekane mwembamba vipi, apelekwe tu akalale na nyaya.